Naomba ushauri: nianzie wapi kuwatambulisha watunzi wa muziki wa klasiki kwa wasikilizaji wa kawaida?

Msikilizaji wa Shangani (Mtwara Mjini) aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kikundi chetu cha kusoma vitabu hukutana Jumamosi jioni hapa Shangani, na safari hii wenzangu wamenikabidhi kipindi cha saa moja kuhusu watunzi wakubwa wa muziki wa klasiki wa Ulaya, yaani wale akina Bach, Mozart na Beethoven ambao majina yao kila mtu ameyasikia, ingawa ni wachache wanaoweza kuitaja kazi yao hata moja. Walengwa wangu si wanamuziki. Wamo walimu, wauguzi, vijana wa bodaboda, mama mmoja anayepamba kumbi za harusi na mzee mmoja mstaafu wa bandari, na kila mmoja ana muziki wake: taarabu, bongo fleva, kaswida, kwaya.

Mwaka jana tulimwalika mtu atuzungumzie jambo linalokaribiana na hili. Alitusomea tarehe za kuzaliwa na za kufa za watunzi, mmoja baada ya mwingine, kisha akatupigia kipande kirefu wakati tumeshachoka, na nusu ya ukumbi ikawa imeshahamia kwenye simu. Nisingependa yajirudie. Kwa hiyo naombeni mnisaidie: nichague watunzi gani, nianze na maisha yao au na kazi zao, na kila kazi niipige kwa muda gani? Tena wapo wenzetu Waislamu, ambao ndio wengi katika kikundi, wanaodhani kwamba muziki huu wote ni wa kanisani, na nisingependa wajione wageni ndani ya kikundi chao wenyewe.

Mpiga Kinanda (Ndanda) alijibu:

Ndugu Msikilizaji, hongera kwa jukumu hilo. Mimi hupiga kinanda na kufundisha kwaya huku Ndanda, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uanze na kile ambacho masikio ya watu wako yanakijua tayari bila kujua kwamba yanakijua.

Mchukue kijana wa bodaboda anayelipia kiti kwenye kibanda umiza ili aangalie Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ule wimbo unaopigwa timu zinapojipanga uwanjani uliandaliwa mwaka 1992 na Mwingereza Tony Britten, naye aliujenga juu ya kazi ya George Frideric Handel iitwayo Zadok the Priest, iliyotungwa mwaka 1727 kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili wa Uingereza, na ambayo imeimbwa katika kila sherehe ya kutawazwa nchini humo tangu wakati huo, ikiwamo ya Mfalme Charles mwaka 2023. Maneno yake yanasimulia kupakwa mafuta kwa Suleiman awe mfalme, kwa hiyo hata wenzetu Waislamu watamkuta humo nabii wanayemfahamu. Kabla hujaupiga, waambie jambo moja tu: kwamba vyombo vya nyuzi vitatembea kwa zaidi ya dakika moja bila mtu yeyote kuimba, na kwamba kazi yao ni kukisia sauti za watu zitaingia lini. Handel hapandishi kwa ghafla. Violini hurudia mwendo uleule, uzito ukaongezeka chini yake kidogo kidogo, hata msikilizaji akaanza kujiuliza kama kuna mtu atakayeimba kweli, na ndipo kwaya nzima inapoingia kwa pamoja na tarumbeta na ngoma. Mimi naujua wimbo huo nota kwa nota na bado hapo hunishtua.

Ukishamtambulisha Handel kwa njia hiyo, Haleluya haitahitaji maelezo marefu, kwa sababu kwaya za nchi hii huiimba Krismasi na Pasaka, na hata asiyekwenda kanisani ameshaisikia redioni. Wachache wanajua kwamba ni sehemu ndogo ya utunzi wa zaidi ya saa mbili, Messiah, ambao Handel aliuandika kwa siku 24 mwaka 1741, ukaimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742 katika onyesho la hisani lililochangia wafungwa wa madeni na hospitali mbili za mji huo. Handel aliiweka Haleluya mwishoni mwa sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuko, kwa hiyo kwa mpangilio wake mwenyewe ni wimbo wa Pasaka zaidi kuliko wa Krismasi. Ile simulizi ya Mfalme George kusimama kwa heshima Haleluya ilipoimbwa, ambayo walimu wengi wa kwaya huihubiri, haina kumbukumbu yoyote ya wakati ule inayoithibitisha. Kama watu wako watapenda kusimama, wasimame kwa hiari yao.

Cha kuwasikilizisha ni mambo mawili. Kwanza, mahali pa maneno ya Mfalme wa Wafalme, ambapo sauti za juu hushika nota moja ndefu, kisha hupanda ngazi moja, kisha nyingine, huku sauti za chini zikiwajibu kwa mkato. Pili, lile pengo la ukimya kabla ya Haleluya ya mwisho. Kila kwaya ninayoijua ina mwimbaji mmoja anayelivuka pengo hilo peke yake, na kwa kawaida ni wa besi.

Kuhusu Bach, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1685 kama Handel, tena Ujerumani ileile, na ambaye hata hivyo hakuwahi kukutana naye, nakusihi usianze na fuga, yaani utunzi ambamo sauti kadhaa hufuatana zikiigana wimbo mmoja. Fuga ni tamu kwa anayejua kufuata sauti tatu au nne kwa wakati mmoja. Kwa mgeni ni kelele zilizopangwa vizuri. Piga utangulizi wa kwanza katika kitabu chake cha kinanda cha mwaka 1722, ule ulio katika ufunguo wa C. Una dakika mbili tu. Karibu kila kipimo (kijisehemu cha mapigo machache) kina umbo lilelile la nota zinazopanda, na kinachobadilika ni kodi (kundi la nota zinazoafikiana) peke yake, lakini msikilizaji anahisi kwamba amepelekwa mbali na kurudishwa. Halafu piga Ave Maria ya Charles Gounod, Mfaransa ambaye zaidi ya miaka mia moja baadaye aliuchukua utangulizi huohuo akaweka wimbo juu yake, na hapo hata asiyejua nota atasikia kwa sikio lake ni ipi kazi ya Bach na ni ipi iliyoongezwa.

Na kila kipande kipige mara mbili: mara ya kwanza wasikie, mara ya pili baada ya kuwaonyesha cha kufuata. Ni afadhali vipande vitano vilivyosikika kuliko kumi vilivyopita.

Mwana wa Newala alijibu:

Nakubaliana na Mpiga Kinanda kuhusu kurudia, lakini kuhusu kuanza na kwaya sikubaliani naye hata kidogo. Watu wa kwetu, iwe Newala, Tandahimba au hapo Shangani, wamekulia kwenye ngoma. Mtu aliyekesha kwenye sindimba anajua kusikiliza mdundo mmoja ukirudiwa saa nzima na kutambua mara moja mpigaji anapobadilisha kitu kidogo, na huo ndio usikivu ambao wengi wa Ulaya hufundishwa wakiwa watu wazima. Kwa nini tuuache?

Anza na Boléro ya Maurice Ravel, Mfaransa, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Paris mwezi Novemba 1928 kama muziki wa dansi ya jukwaani. Ngoma ndogo ya gwaride inaanza kwa sauti ya chini sana, ikipiga umbo fupi la vipimo viwili, nayo inalirudia umbo hilohilo kwa takribani robo saa mpaka mwisho. Juu yake kuna nyimbo mbili tu zinazopokezana. Ravel haziendelezi, hazikati, hazitii chumvi. Anabadilisha chombo kinachozibeba na kuongeza sauti. Filimbi hutangulia, klarineti hufuata, kisha basuni, baadaye saksafoni na tromboni, mpaka okestra nzima inapokuwa imeingia. Karibu na mwisho ufunguo unahama kwa ghafla, na baada ya muda mfupi kila kitu kinaanguka chini kwa kishindo. Ravel mwenyewe aliichukulia kazi hii kama jaribio, na ni jaribio ambalo mpiga ngoma yeyote wa Makonde anaweza kulihukumu kwa haki.

Sisemi kwamba Boléro ni sindimba. Mdundo wake asili yake ni Uhispania. Ninachosema ni kwamba umlete mpiga ngoma mmoja ukumbini, umwombe arudie umbo moja fupi kwa dakika mbili, kwa sauti ya chini kabisa, bila kuharakisha. Watu wakishaona jasho linavyomtoka, ndipo uwapigie Ravel. Hii ni kazi pekee ambayo ningeipiga yote bila kuikata, hata kama itakula robo ya kipindi chako.

Binti wa Lindi alijibu:

Shikamooni wakubwa zangu.

Naona Mpiga Kinanda ametoka kanisani na Mwana wa Newala ametoka uwanja wa ngoma, basi mimi niruhusuni nitoke barazani kwenye taarabu. Ndugu Msikilizaji, usiitambulishe violini kama chombo cha kigeni. Wasikilizaji wako wa taarabu wameijua fidla tangu utotoni. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa Zanzibar mwaka 1905, na fidla imekaa pamoja na udi na ganuni katika taarabu kwa muda mrefu sana. Waambie tu kwamba chombo ni kilekile, na kwamba jioni hiyo watakisikia kikitumika kusimulia.

Mtunzi wa kuwaonyesha hilo ni Antonio Vivaldi wa Venice, padri mwenye nywele nyekundu aliyefundisha muziki katika kituo cha kulea watoto wa kike waliotelekezwa, na ambaye kazi zake nne ziitwazo Misimu Minne zilichapishwa mwaka 1725. Kila msimu una sehemu tatu, na kila msimu umeambatana na shairi linaloeleza kinachotokea ndani ya muziki. Karibu kila mtu huanza na majira ya machipuko kwa sababu wimbo wake ni mchangamfu, lakini sisi wa kusini mwaka wetu ni wa mvua na kiangazi, na mtu ambaye hajawahi kuona theluji ikiyeyuka hana sababu ya kufurahia machipuko. Mimi ningeanza na sehemu ya mwisho ya Kiangazi. Haifiki hata dakika tatu. Shairi lake linaeleza dhoruba ya mvua ya mawe inayokata masuke ya nafaka shambani, na violini zinashuka kwa kasi moja baada ya nyingine bila kuvuta pumzi. Mkulima wa korosho aliyewahi kuona mvua ikinyesha wakati maua yametoka hahitaji kuelezwa huzuni ya shairi hilo, mpigie tu.

Baada ya hapo rudi kwenye sehemu ya pili ya Machipuko, ambayo ni ya polepole. Mchunga mbuzi amelala chini ya mti, violini moja inaimba usingizi wake, na chini yake viola, dada mkubwa wa violini, inarudia nota mbili nzito, tena na tena. Vivaldi mwenyewe aliandika kwenye karatasi ya nota kwamba huyo ni mbwa anabweka. Usiwaambie mapema. Waulize: katika kipande hiki kuna mnyama, ni yupi na yuko wapi? Nakuhakikishia hakuna atakayegusa simu mpaka apatikane. Na kama kikundi chenu kina mtu anayejua kutunga, mpe yale mashairi ya Vivaldi ayaweke katika mizani ya Kiswahili na kuyasoma kabla ya kila kipande, maana watu wa pwani huingia katika muziki kupitia shairi kwa urahisi zaidi kuliko kupitia maelezo.

Kuhusu hofu ya kwamba muziki huu ni wa kanisani, dawa yake ni vipande vya vyombo vitupu, navyo ni vingi kuliko vya ibada. Weka pale sehemu ya mwisho ya sonata (utunzi wa piano wenye sehemu kadhaa) ya Mozart iliyochapishwa mwaka 1784, maarufu kama Rondo alla Turca, ambamo mkono wa kushoto wa mpiga piano unaiga ngoma na matoazi ya bendi za kijeshi za Waturuki. Weka pia gwaride la ushindi kutoka opera ya Aida ya Giuseppe Verdi, opera inayomhusu binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa Misri, na ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Tarumbeta ndefu za gwaride hilo zitampendeza kila mtu aliyewahi kuufuata msafara wa matarumbeta wa harusi, na katika mji wetu sijui ni nani ambaye hajaufuata.

Msikilizaji wa Shangani aliandika:

Nawashukuru sana nyote, na wewe Binti wa Lindi, nimecheka kuhusu mbwa lakini nimelichukua wazo.

Yamebaki mambo matatu. La kwanza, hakuna aliyemgusa Beethoven, na nikitoka bila yeye wenzangu watanidai. La pili, bado sijajua nifanye nini na maisha ya watunzi. Nikiyaacha kabisa nahisi nawanyima watu hadithi nzuri, na nikiyaweka naogopa kurudi kulekule kwenye tarehe. La tatu ni la mama wa mapambo ya harusi, ambaye ameniuliza wimbo ule wa bibi harusi ni wa nani, nami sikuwa na jibu.

Mwalimu Mstaafu (Mikindani) alijibu:

Marahaba, Binti wa Lindi, na salaam kwa wengine wote.

Nianze na la harusi kwa kuwa ni fupi. Nyimbo ni mbili na watu huzichanganya. Ule wa taratibu wa kumwingiza bibi harusi ni wa Richard Wagner, kutoka opera yake Lohengrin ya mwaka 1850. Ule wa shangwe na tarumbeta, ambao hupigwa maharusi wakitoka, ni wa Felix Mendelssohn, ambaye aliuandika mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare. Mama huyo asiambiwe kwamba katika opera ya Wagner ndoa hiyo huvunjika usiku uleule, asije akapoteza wateja.

Kuhusu maisha ya watunzi, kanuni yangu ni nyepesi: simulia tukio la maisha pale tu linaposikika ndani ya muziki wenyewe. Kama halisikiki, liache, hata liwe tamu namna gani. Chukua mfano wa Joseph Haydn, aliyekuwa mtumishi wa mwanamfalme wa ukoo wa Esterházy. Waandishi wa mwanzo wa maisha yake wanasimulia kwamba mwaka 1772 mwanamfalme huyo alirefusha mno makazi yake katika kasri lake la mashambani, na wanamuziki, waliokuwa wameziacha familia zao mbali, walichoka kusubiri ruhusa ya kurudi nyumbani. Haydn hakuandika barua ya malalamiko. Aliandika simfoni, yaani utunzi mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, ambayo katika sehemu yake ya mwisho wapigaji humaliza zamu zao mmoja mmoja, huzima mshumaa na kuondoka jukwaani, mpaka zinabaki violini mbili. Ujumbe ulifika, na safari ya kurudi ikaandaliwa. Wapigie watu wako dakika saba au nane za mwisho za simfoni hiyo, iitwayo ya Kuaga, na uwaombe wahesabu vyombo vinavyotoweka. Sidhani kama yupo mfanyakazi ambaye hataelewa.

Mozart naye. Mtu atakuja na ile habari ya kwamba aliuawa kwa sumu na mtunzi mwenzake, na utapoteza dakika kumi za kipindi kuijadili wakati haina ushahidi. Badala yake waambie kwamba alikufa tarehe 5 Desemba 1791 akiwa na umri wa miaka 35, akiwa ameiacha Misa yake ya Wafu haijakamilika, na kwamba katika wimbo uitwao Lacrimosa mwandiko wake unakoma baada ya vipimo vinane. Vilivyofuata vilijazwa na Franz Xaver Süssmayr. Piga wimbo huo, inua mkono kipimo cha nane kinapoisha, kisha waache waamue wenyewe kama wanasikia mahali ambapo mtu mmoja aliweka kalamu chini na mwingine akaipokea. Mimi nasikia, rafiki yangu mmoja anasema najidanganya, na tumebishana juu ya hilo kwa miaka.

Sasa Beethoven. Hapa nitasema jambo ambalo huenda lisipendwe: usianze na uziwi wake. Kila anayemtambulisha Beethoven hutanguliza kwamba alikuwa kiziwi, na kuanzia hapo wasikilizaji humhurumia tu, hawamsikilizi tena. Ni kweli kwamba mwaka 1802, katika kijiji cha Heiligenstadt, aliwaandikia ndugu zake barua ya kukata tamaa kwa sababu ya masikio yake, lakini zile nota nne zinazofungua Simfoni ya Tano hazihitaji huruma ya mtu. Tatu fupi, moja ndefu. Piga sehemu ya kwanza peke yake, ambayo huchukua dakika saba au nane, na waambie wazisikilize nota hizo nne zinavyojificha: mara ziko kwenye besi, mara zinagonga nyuma ya wimbo mwororo, mara zinakimbizana. Kisha, baada ya mwanzo kurejea kwa kishindo, okestra nzima inanyamaza bila kutarajiwa na oboi moja, chombo cha kupuliza kinachofanana na zumari, inaimba mstari mfupi wa polepole, peke yake. Mahali hapo hupita kwa sekunde chache na wasikilizaji wengi hupitwa napo miaka yote. Waonyeshe.

Usithubutu kupiga simfoni nzima. Simfoni hiyo ilipopigwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, ilikuwa ndani ya onyesho la takribani saa nne katika ukumbi wenye baridi kali, na hata waliompenda Beethoven walilalamika. Kama Vienna ilichoka, Shangani ina haki ya kuchoka.

Uziwi unauhifadhi mpaka Simfoni ya Tisa, kwa sababu hapo ndipo tukio na kazi vinapokutana. Tarehe 7 Mei 1824, kazi hiyo ilipomalizika, Beethoven alikuwa jukwaani ameupa mgongo ukumbi na hakujua kwamba watu wanapiga makofi, mpaka mwimbaji Caroline Unger alipomgeuza ayaone. Chukua sehemu ya mwisho, tafuta mahali ambapo chelo na besi za nyuzi zinaingia peke yake na wimbo wa furaha kwa sauti ya chini, na uwaache wasikilize wimbo huo ukipanda kutoka vyombo vya chini hadi okestra nzima. Ni dakika tatu hivi. Ndio wimbo ambao Umoja wa Ulaya huutumia kama wimbo wake rasmi.

Neno la mwisho kuhusu adabu. Mtu akipiga makofi katikati, au mama akipiga kigelegele, asikemewe. Kuketi kimya kama kwenye mtihani ni desturi iliyokuja baadaye. Simfoni ya Saba ya Beethoven ilipopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1813, watu walishangilia sehemu ya pili mpaka ikarudiwa palepale.

Kijana wa Msanga Mkuu aliandika:

Wakubwa, nauliza kwa heshima: katika orodha yote hii hakuna Mwafrika hata mmoja?

Mpiga Kinanda (Ndanda) alijibu:

Swali la haki, mdogo wangu. Yupo mmoja ambaye ukumbi mzima utamwimba bila kufundishwa. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na mwongozaji wa kwaya huko Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake ndio tunaouimba katika Mungu ibariki Afrika. Aliuandika kwa sauti nne na kwa solfa (do, re, mi), jinsi kwaya zetu zinavyosoma hadi leo, na mpangilio wake wa sauti ni wa familia moja na nyimbo za Ulaya ambazo tumezijadili hapa. Ndugu Msikilizaji anaweza kufungua kipindi kwa kuwaimbisha watu wimbo huo kwa sauti nne badala ya moja, wasikie besi inafanya nini. Yupo pia Joseph Bologne, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745 na mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa, akawa mpiga violini, mtunzi na bingwa wa upanga mjini Paris. Na Samuel Coleridge-Taylor, Mwingereza ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, na ambaye kazi yake ya kwaya ya mwaka 1898 kuhusu harusi ya Hiawatha iliimbwa sana Uingereza. Konseto za violini za Bologne, yaani tunzi za violini moja ikisindikizwa na okestra, ni nyepesi kwa sikio la mgeni. Chukua sehemu moja ya haraka, itatosha.

Sasa mambo ya vifaa, maana hapo ndipo maandalizi mazuri huharibikia. Pakua kila kitu nyumbani, usitegemee mtandao wa ukumbini. Faili ya sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takribani megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo orodha yako yote haitazidi megabaiti sitini na bando dogo litaitosha. Kumbuka kwamba nota za watunzi hawa wa zamani ni mali ya umma lakini rekodi zina wenyewe; tovuti ya IMSLP ina nota za bure pamoja na baadhi ya rekodi zinazoruhusiwa, na kwa nyimbo za kwaya ipo Choral Public Domain Library.

Spika ndogo ya kubebeka humeza besi, na ikimeza besi umempoteza Beethoven wa Simfoni ya Tisa kabisa, kwa sababu wimbo unaanzia huko. Azima spika kubwa ya kwaya au ya mshereheshaji. Kuhusu Boléro ambayo Mwana wa Newala ameing'ang'ania, nami sasa nakubali iwemo, usipange sauti kwa kusikiliza mwanzo wake. Cheza kwanza dakika ya mwisho, weka sauti mahali ambapo spika haikwaruzi, kisha rudisha mwanzo na usiguse tena. Ukiongeza sauti mwanzoni ili ngoma isikike, dakika ya kumi na tatu utalazimika kuipunguza, na hapo utakuwa umeivuruga kazi nzima ya Ravel kwa kidole kimoja. Pangaboi zizimwe kwa dakika chache za mwanzo kama joto litaruhusu.

Mwana wa Newala alijibu:

Mpiga Kinanda amekuja mwenyewe, sina la kuongeza hapo. Ndugu Msikilizaji, mpiga ngoma usihangaike kumtafuta mjini. Yupo mzee wa huku kwetu ambaye nimeshamweleza habari ya ngoma inayopigwa robo saa bila kubadilika, naye amesema anataka kuisikia kwanza kabla ya kukubali kwamba ni vigumu. Nitakuja naye Jumamosi. Wewe andaa nauli yake ya kurudi, ya kuja nitalipa mimi.